Mama Boza na Hedi ya Kuchongwa

Watu wa mtaa wa juu hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Walilisikia boza likikohoa kule chini kwenye lami, wakajua Mama Boza keshaondoka, na kila mwenye ndoo akaamka kuitafuta. Lilikuwa lori dogo la zamani, la petroli, lenye tangi la maji mgongoni. Rangi yake ya kijani ilikuwa imebaki milangoni tu. Kwingine kote ni kutu na viraka. Lakini ndani ya tangi ungeweza kujitazama sura. Kila mwisho wa juma Mama Boza alijipenyeza kwenye tundu la juu na brashi yake na sabuni, akalisugua huku akimwimbia Mungu, na sauti yake ikatoka humo imekuwa nene kama ya kwaya nzima.

"Mama, ipo siku utakwama humo," binti yake alimwambia.

"Nikikwama fungueni bomba, nitatoka na maji."

Alicheka, lakini kusugua hakuacha. Maji ya kunywa watu kwake yalikuwa amana, na amana huulizwa.

Udereva alifundishwa na marehemu mumewe. Mume alikuwa dereva wa boza hilohilo tangu ujana, mpaka macho yake yakaanza kuingiwa na ukungu. Hakumwambia mtu. Alimchukua mkewe mpaka kwenye uwanja wa mpira, akapanga mapipa matupu, akamkalisha nyuma ya usukani na yeye akakaa pembeni. "Wewe utakuwa macho," alimwambia, "mimi nitakuwa masikio." Wakaendesha hivyo wawili muda mrefu, mama anaiangalia barabara, baba anaisikiliza injini. "Usilikanyage," alikuwa akisema. "Lisikilize. Linakwambia lenyewe linataka gia gani." Mungu alipomchukua, shemeji zake walikuja na maneno matamu wakitaka lori liuzwe kabla halijaoza. Mama Boza aliwaandalia chakula, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza hadi barabarani. Alfajiri iliyofuata wakalisikia boza likikohoa kwenye lami.

Mtaa wa juu ulikuwa juu kweli. Bomba la maji lilikuwa limeishia chini ya mlima, na kutoka hapo ni magurudumu au kichwa cha mtu. Barabara ilianza vizuri, kisha ikawa ya mawe, kisha ikajikunja ghafla ubavuni mwa ukuta wa matofali, mahali penye mwinuko uliosimama kama ngazi. Madereva walipaita Kona ya Kutubu, kwa sababu hapo hata asiyesali hulikumbuka jina la Mungu. Juu ya kona, nyumba ya kwanza kabisa, ilikuwa zahanati ya wazazi. Mama Boza ndiye aliyeanza kupeleka maji pale wakati wengine wote walisema barabara itawavunjia gari. Mjukuu wake mwenyewe alizaliwa pale na kuogeshwa kwa maji aliyoyapandisha bibi yake asubuhi ileile. Hiyo safari ya zahanati hakuihesabu kama kazi. Aliihesabu kama zamu yake hapa duniani.

Sasa zamu hiyo ilikuwa inataka kumponyoka.

Boza lilikuwa limelegea. Si ghafla, lilizeeka taratibu kama mtu anayeanza kushika ukuta akiamka. Kwenye tambarare lilikwenda bila shida. Likifika mlimani likiwa limejaa, lilianza kutetemeka, likashuka gia moja, likashuka nyingine, na kwenye Kona ya Kutubu likasimama. Alibadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akafungua eksozi kuona kama kuna kilichoziba. Mambo yote mepesi aliyamaliza. Mwisho akawa anapakia nusu tangi na kwenda mara mbili, na safari ya pili ilipofika, zahanati walikuwa wameshaazima ndoo za majirani.

Asubuhi moja akajitia moyo, akapakia tangi zima. Likafika kwenye kona, likazima, likaanza kurudi nyuma. Wanawake waliokuwa wakiteremka na nguo za kufua wakakimbilia mawe na kuyasukumia nyuma ya matairi.

"Mama Boza, tukusukume au tuchote hapahapa?" mmoja akamtania.

"Choteni," alisema, akicheka ili asilie. "Leo mlima umenikatalia kuupanda, umenikubalia kuuteremka tu."

Wakavunjika mbavu. Akamwaga nusu ya maji kwenye ndoo zao, bure, ndipo akafika juu.

Mkunga mkuu alikuwa amesimama getini na aproni yake, mikono kiunoni. Hakuwa mtu wa kufoka. Alingoja mpaka mpira wa maji umeingizwa kwenye tangi la zahanati, akasogea karibu.

"Mama, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Tumetoka mbali, mkunga."

"Lakini watoto hawanisubiri mimi, sembuse boza. Jana tumemwogesha mama kwa maji ya kuazima. Yule mwenye boza jipya amekuja tena. Nimemwambia sina nafasi. Jumatatu ukija na nusu, nafasi nitakuwa nayo."

Mama Boza aliinamisha kichwa. "Haki yako," alisema. "Jumatatu nitakuja limejaa."

Alisema kabla hajajua atafanyaje.

Mdogo wake wa kiume alikuwa fundi injini, na gereji nzima ilimwita Tindo. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna chuma alichokishika kikatoka bila alama. Alipenda kuchonga. Wenzake wakifungua injini kutafuta ubovu, yeye alifungua kutafuta mahali pa kuingiza mashine yake ndogo ya kusagia. Lakini alikuwa fundi, hilo hata waliomwonea wivu walilikubali.

"Shikamoo dada. Mbona uso umeukunja hivyo?"

"Marahaba. Tindo, gari haina pumzi."

Angejua neno hilo litamtembeza wapi, angelimeza.

Tindo alisimama na spana mkononi, macho yakamng'aa. "Haina pumzi. Si nilikwambia? Tangu mwaka jana nakwambia. Dada, hiyo hedi ichongwe."

Akafunua boneti, akaanza kumhubiria. Injini, alisema, inaishi kwa kuvuta hewa na kutoa moshi, kama mtu. Hewa inaingia na moshi unatoka kupitia njia zilizomo ndani ya silinda hedi, lile pande la chuma linalokaa juu ya injini na kubeba valvu, vile vifuniko vinavyozifungua na kuzifunga njia hizo. Njia hizo kiwandani huachwa nyembamba na zina makunyanzi. Ukizichonga zikapanuka, ukazilainisha, injini inavuta hewa tele, na nguvu inakuja. "Nimeichonga hedi ya yule dereva wa teksi anayeitwa Panzi. Muulize kwa nini anaitwa Panzi! Gari inaruka!"

"Na Jumatatu itakuwa tayari?"

"Leo naifungua. Kuchonga ni siku moja. Dada, utampita yule wa boza jipya kama amesimama."

Mama Boza alitabasamu, na moyoni akajiona anampita yule wa boza jipya. Akakubali hedi ifunguliwe. Mchana, boliti zikatoka, na hedi ikawekwa juu ya meza, nyeusi kwa masizi.

Alipogeuka kuondoka, kidole chake cha mguu kiligonga kitu mlangoni. Kilikuwa hedi nyingine, ya gari dogo, imewekwa chini kuzuia mlango wa gereji usijifunge. Aliinama akaitazama. Ndani ya moja ya njia zake palikuwa na tundu, dogo, kama lililotobolewa na panya.

"Hii nayo imefanyaje?"

Tindo alijikuna shingo. "Hiyo... niliingia ndani mno. Pembeni ya hizo njia maji ya kupoza injini yanapita. Ukichonga ukavuka, umeyafikia maji. Basi tena."

"Haizibiki?"

"Ukichonga umechonga, dada. Chuma hakioti tena."

Alikiri bila kuficha, kwa sababu hakuwa mtu mwongo. Na dada yake akaitazama ile hedi iliyogeuzwa kuwa jiwe la mlango, kisha akaitazama ya kwake pale mezani.

"Usiiguse kwanza," alisema.

"Dada, Jumatatu..."

"Najua Jumatatu ni lini. Usiiguse mpaka nirudi."

Jioni ile, baada ya kula, alikaa kitandani mikono mapajani. Hakumwomba Mungu ampe gari lenye nguvu. Alimwomba amfungue macho kabla hajasema ndiyo. Akalala akiwa amekata shauri: atakwenda kuionja hiyo hedi ya kuchongwa mwenyewe, kama mtu anavyoonja mchuzi kabla ya kuukubali.

Alimkuta Panzi kwenye kituo cha teksi, anafuta kioo kwa gazeti. Alikuwa kijana wa suruali ya kubana na maneno mengi.

"Shikamoo mama. Dada yake Tindo! Panda, panda mbele. Nikupeleke wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nataka unipeleke mlimani. Lakini kwanza nionyeshe hiyo hedi inavyoruka."

Hakuna neno zuri zaidi ungeweza kumwambia Panzi. Alitoka kituoni taratibu mpaka kwenye barabara ndefu ya tambarare, na hapo akakanyaga. Injini ilianza kwa mngurumo wa chini, kisha sauti ikapanda, ikapanda, na ghafla gari likawa kama limepigwa teke. Mama Boza alishika kilemba kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine. Miti ya kandokando ikawa ukuta mmoja wa kijani.

"Mungu wangu!"

"Si unaona, mama? Si unaona?"

"Naona! Sasa punguza, nimeona!"

Hakumdanganya. Ile nguvu ilikuwepo, na ilikuwa ya kweli. Tindo hakupiga chuku. Kwa muda akajisikia aibu kwa kumtilia shaka ndugu yake.

"Haya, sasa mlimani," alisema. "Na wale jamaa zako watatu pale, wachukue wakae nyuma. Wote wanene, watanifaa."

Wenzake Panzi wakaingia wakicheka, gari likainama nyuma. Wakafika chini ya mlima. Panzi akaanza kupanda kwa mwendo mdogo kwa sababu ya mawe, na hapo Mama Boza akaacha kutazama barabara. Alifumba macho akasikiliza, kama alivyozoea kumwona mumewe akifanya.

Injini ilikuwa inasinzia. Iliguna, ikavuta, ikaacha. Panzi akapandisha sauti ya injini mpaka ikalia, akawa anaibembeleza kwa klachi, nusu ameiachia, nusu ameikanyaga, na harufu ya kuungua ikaingia ndani.

"Ni nini hicho?" mama aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Huku chini inalala kidogo," Panzi alisema. "Lazima uiamshe. Ikishaamka, hapo sasa!"

"Na kabla ya kuichonga, ililala hivi?"

Panzi alifikiri. "Kabla... hapana. Ilipanda hivihivi tu, kama punda. Lakini haikuruka, mama."

"Na wewe huwa unapandisha watu huku?"

"Mimi? Mimi ni wa tambarare, mama. Huku nimekuja kwa ajili yako."

Mmoja wa wale wanene akasema kutoka nyuma, "Tushuke tusukume, Panzi?" na wote wakacheka, hata Panzi mwenyewe. Mama Boza hakucheka. Alikuwa ameshikilia kitu akilini na hakutaka kikimbie. Gari hili lilipewa nguvu nyingi, lakini limepewa kule juu, kwenye mbio. Kule chini, kwenye mwendo wa pole wa kubeba mzigo, limenyang'anywa.

Akamshukuru, akamwombea dua, akashuka, akaenda gereji kwa miguu akilitafuna hilo neno.

Tindo alikuwa ameshapaka chaki kwenye hedi kuonyesha atakapochonga. Alipomwona dada yake akainua mikono. "Sijaigusa! Nimeichora tu."

"Vizuri. Njoo hapa nje."

Uani palikuwa na pipa la maji la kunawia mafundi, limeinuliwa juu ya matofali na kuwekewa bomba. Mama Boza alikuwa amepitia kwake na kuchukua mipira yake miwili ya maji, mwembamba na mnene. Akauvisha mnene kwenye bomba, akalifungua kidogo tu. Maji yakatoka mdomoni mwa mpira, yakateremka kama mate ya mtoto, yakalowesha vidole vyake vya miguu. Akauvua, akauvisha mwembamba, bomba likabaki vilevile. Maji yakaruka yakampata Tindo tumboni.

"Dada!"

"Samahani. Niambie kwa nini."

"Sasa unataka kunifundisha kazi?" Alikuwa amenuna, anajifuta kwa tambara la oili.

"Nakuuliza. Maji mimi ninayajua, injini unaijua wewe."

Tindo akasogea, akauvisha tena ule mnene na kulifungua bomba lote mpaka mwisho. Maji yakamwagika kwa kishindo, ungefikiri pipa limepasuka. "Na hivi je? Mwembamba utatoa haya yote?"

"Hautatoa," dada alikubali. "Hapo umenishinda. Nimepanda gari la Panzi, nimeyaona hayo, nusura kilemba kinitoke. Kazi yako ni nzuri, Tindo. Lakini mimi pale Kona ya Kutubu nafungua hivi." Akalirudisha bomba mpaka maji yakawa kidogo, na mpira mnene ukaanza tena kutoa mate. "Pale sikimbii. Ninatambaa na tani za maji mgongoni. Injini inazunguka polepole, inavuta hewa kidogo. Ukiipanulia njia, hewa si itaingia inajikokota hivi?"

Fundi aliutazama ule mpira. Alilijua jambo hilo. Kila fundi analijua. Alikuwa tu amelisahau kwa furaha ya kushika mashine.

"Itajikokota," alisema mwisho. "Ile kasi ya hewa itapungua. Mpaka uizungushe sana." Kisha akamgeukia kwa ukali. "Lakini si wewe uliyeniambia haina pumzi? Dereva akisema haina pumzi maana yake imefika mwisho, haitaki kukimbia zaidi! Ukiniambia hivyo mimi nakwenda kwenye njia za hewa moja kwa moja!"

Mama Boza alishika mdomo. Miaka yote amekaa na madereva, na neno lenyewe amelitumia kama mtu wa sokoni.

"Haina mvuto," alisema polepole. "Nilitaka kusema gari haina mvuto."

"Ah, dada!" Tindo akajipiga kwenye paja. "Mvuto ni kitu kingine kabisa! Ungesema mvuto ningeanza kwenye valvu!"

"Basi nasema sasa. Mvuto, mvuto, mvuto. Anza."

Wakatazamana, na kicheko kikawashika wote wawili, kile cha ndugu waliolelewa chumba kimoja, mpaka fundi wa jirani akachungulia kuona kuna nini.

Tindo aliigeuza hedi chali juu ya meza, vile vishimo vinne ambamo petroli huwaka vikatazama juu, kila kimoja na valvu zake zimefungwa. Akamimina mafuta ya taa katika kila kishimo mpaka yakajaa. "Valvu zikikaa sawa kwenye viti vyake, haya yatabaki hapa mpaka kesho. Zisipokaa, tutayaona upande wa pili."

Wakaketi kunywa chai. Mama Boza hakuyaondoa macho yake. Kuvuja alikujua kuliko mtu yeyote pale. Maisha yake yote ni kupigana na kuvuja. Chai haijafika nusu, akaona ukuta wa njia moja umeanza kung'aa, kisha tone, kisha tone jingine. Kishimo cha pili kikafuata. Vishimo viwili kati ya vinne vilikuwa vinashuka mbele ya macho yao.

"Ndiyo haya," alinong'ona. "Nguvu yangu inavuja hapa."

"Ndiyo haya," Tindo alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi ile ya fundi. "Pistoni inapanda kubana, pumzi... mvuto, basi, mvuto unatorokea hapo. Nitazisaga zikae. Mbili zimeungua ukingoni, hizo tunaweka mpya."

Alifungua droo kutafuta unga wa kusagia valvu. Lakini mkono wake ulipita juu ya mashine ya kuchongea na hapo ukasita, kama mlevi anayepita mbele ya kilabu.

"Dada. Niache nichonge kidogo. Kidogo tu."

"Wapi?"

"Njoo uweke kidole." Akamshika kidole cha shahada, akakiingiza pale ambapo bomba la kuingizia hewa hukutana na hedi. "Nimeshikilia bomba mahali pake. Unasikia?"

Alisikia. Chuma kimoja kilikuwa kimetokeza mbele ya kingine, ukingo mkali, mahali ambapo havikukutana sawasawa. Hewa ikipita hapo lazima ijikwae. Alikipitisha kidole tena na tena, ameyafumba macho. Tindo alingoja. Alijua dada yake akisema hapana hapa, itakuwa hapana, na mashine itarudi kwenye droo.

"Hiki ni kizingiti," alisema.

"Kizingiti hasa."

"Kizingiti ondoa. Mlango usipanue."

Tindo alicheka kwa furaha ya mtoto aliyepewa nusu ya alichoomba. "Sawa, mama mwenye nyumba."

Lakini Mama Boza alimjua mdogo wake. Alivuta kiti, akaketi kando ya meza, akaushika waya wa mashine pale unapoingia ukutani. Kila mara mlio ulipobadilika na kuonyesha kwamba sasa anaingia ndani zaidi, alikohoa, na Tindo akauinua mkono. Mara moja hakuinua. Waya ukachomoka, mashine ikafa.

"Umenizimia!"

"Umeingia mlangoni."

"Nilikuwa nalainisha!"

"Lainisha kwa mkono." Akampa kipande cha msasa.

Siku zilizobaki walizitumia kwenye valvu, Tindo akizungusha ile fimbo ya kusagia katikati ya viganja vyake kama mtu anayewasha moto wa porini, huku na huku, mpaka ukingo wa kila valvu ukatoa duara la kijivu lisilokatika. Hawakufunga kitu mpaka mafuta ya taa yamekaa usiku mzima na asubuhi yakakutwa palepale. Mama Boza ndiye aliyeyakagua. Alipiga magoti mbele ya meza kuyatazama kwa usawa, na Tindo akadhani anasali. Huenda alikuwa anafanya yote mawili.

Jumatatu alfajiri boza lilisimama kwenye bomba kuu likipakia. Tindo alikuwa amekuja bila kuitwa, amekaa upande wa abiria na begi la spana mapajani.

"Unaogopa litazima?" dada alimuuliza.

"Naogopa utalinyonga."

Maji yalipofika kwenye tundu la juu yakamwagika kidogo pembeni. Mama Boza aliweka kiganja juu ya boneti. "Mungu, tupandishe," akasema, kama alivyosema kila asubuhi, akapanda.

Kwenye tambarare lile boza jipya likawapita, refu, jeupe, linapiga honi. Dereva wake akapunga mkono. Tindo akasaga meno. "Kanyaga, dada."

"Sikumkanyagia marehemu shemeji yako, nikukanyagie wewe?"

"Lakini linatuacha, dada!"

"Nyamaza, nasikiliza."

Mlima ukaanza. Lami ikaisha, mawe yakaanza. Lilipoanza kutetemeka, hakungoja lichoke. Alilishusha gia mapema, akaliacha lizunguke polepole. Zamani hapo ndipo lilipokuwa likiguna na kufa ganzi. Sasa lilivuta. Haikuwa nguvu ya kuruka. Ilikuwa ni ile ya ng'ombe wa kulima, shingo chini, hatua juu ya hatua. Ukuta wa matofali ukatokea.

Wanawake wa kufua walikuwa pale. Wakaweka mabeseni chini, mmoja akashika jiwe tayari.

"Mama Boza, limejaa hilo?"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye gia, mguu umetulia, masikio yake yote yako mbele. Tindo alikuwa amelikumbatia begi la spana kana kwamba ni yeye anayejifungua. Boza likauingia mwinuko. Maji yakasukumana nyuma ndani ya tangi, mkia ukavutwa chini, na sauti ya injini ikashuka, ikashuka, mpaka mtu angeweza kuhesabu mapigo yake. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye jiwe, likashika. Mama Boza hakukanyaga. Alihisi mguu wake unataka, akaukataza. Pigo, pigo, pigo. Na pua ya lori ikainama mbele, tambarare.

Nyuma, wale wanawake wakapiga vigelegele. Aliyeshika jiwe akalitupa kando.

Tindo akatoa pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu chini. "Lakini ningeichonga yote," alisema, "lingeruka."

"Tindo, nimebeba maji. Nani anataka yaruke?"

Getini, mkunga mkuu alikuwa amesimama na yule dereva wa boza jipya, wanaongea. Alipoliona la kijani akamwachia maneno midomoni, akaja moja kwa moja. Hakumsalimia mtu. Aliligonga tangi chini, kisha katikati, kisha akainuka kwa vidole vya miguu akaligonga juu kabisa. Kotekote lilitoa sauti ileile, nzito, fupi, isiyo na mwangwi.

Akamgeukia yule dereva. "Asante kwa kuja, baba. Sina nafasi."

Kisha akamtazama Mama Boza, ambaye tayari alikuwa ameshuka na anafungua mpira mnene, kwa sababu sasa maji yalikuwa mengi.

"Kuna wawili ndani uchungu umewashika," mkunga alisema. "Fungua lote."